Mbwa mzee, goti bovu na saa saba bila mtu nyumbani: uchambuzi wa kisa

Mgonjwa alikuwa dume wa miaka 11 aitwaye Bosi, mchanganyiko wa jamanshepadi na mbwa wa kienyeji, mwenye uzito wa kilo 28, ambazo kwa umbo lake zilikuwa zimezidi kwa kilo tatu hivi. Mwenye naye ni mwalimu mstaafu wa Tengeru, mkoani Arusha, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, na mimi ninayemtibia mbwa wake humwita hivyo hivyo. Anaishi peke yake tangu mumewe afariki, na mjukuu aliyemlea yuko shule ya bweni. Siku za kazi hutoka saa moja na nusu asubuhi kwenda kusaidia darasa la awali katika shule ya jirani, akarudi saa nane na nusu mchana. Katikati ya saa hizo saba mtu pekee anayeingia uani ni kijana anayemletea ng'ombe wake majani, ambaye hufika karibu saa nne na kuondoka baada ya dakika chache.

Mwishoni mwa Machi, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, Bosi aliruka mtaro wa maji akimfukuza paka na akarudi akiwa ameuinua mguu wa nyuma wa kushoto. Mwalimu alimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi kwa siku mbili, na siku ya tatu alipiga simu. Nilipofika na kumwamkia, alinionyesha nusu ya kidonge cha diklofena juu ya kabati. Kilikuwa sehemu ya dawa zake mwenyewe za magoti, alikwisha kukikata, kisha akasita. Nilimshukuru Mungu kwa kusita huko, kwa kuwa diklofena na ibuprofeni, kwa kiasi ambacho mtu hakimdhuru, humchimba mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo, na mbwa mzee ndiye mwenye akiba ndogo zaidi ya figo.

Uchunguzi haukuwa mgumu. Goti lilikuwa limevimba, na nilipolishika paja kwa mkono mmoja na kuusukuma mfupa wa muundi mbele kwa mkono wa pili, muundi uliteleza kwenda mbele kwa namna ambayo goti zima haliruhusu. Hiyo ndiyo alama ya kukatika kwa kano la ndani ya goti, lile linalouzuia muundi usikimbie mbele mbwa anapokanyaga. Katika mbwa wazito tiba inayopendekezwa ni upasuaji, lakini kwa umri wake, kwa gharama, na kwa umbali wa mahali ambapo upasuaji wa mifupa ya mbwa hufanyika kwa uhakika, Mwalimu aliamua tumtibu bila kisu, yaani kwa dawa ya maumivu, kupunguza uzito, na mapumziko ya wiki nane hadi kumi na mbili. Nilimweleza wazi kwamba mbwa wa uzito huu hawaponi vizuri kwa njia hiyo kama wanavyopona mbwa wadogo, na kwamba karibu nusu ya mbwa wanaokatika kano la goti moja huja kukatika la pili baadaye. Kwa hiyo kulilinda goti la kulia lililokuwa zima kulikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Kisha nikafanya kosa ambalo ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Nilimwambia, "Mwalimu, mfungie ndani apumzike," nikaacha chupa ya meloksikamu, ile dawa ya maumivu, nikaenda zangu.

Siku mbili baadaye simu ilipigwa saa tisa alasiri. Mwalimu alikuwa amerudi na kumkuta Bosi sebuleni, amelala kifudifudi katikati ya chumba, miguu ya nyuma imetanuka huku na huku kama ya chura, mkojo chini yake, pazia la dirisha la mbele limechanika, bakuli la maji limepinduka, na kiwiko cha mkono wa kulia kimechubuka hadi kutoa damu. Hakuweza kusimama mwenyewe. Nilipomkagua, goti la kushoto lilikuwa limevimba kuliko siku ya kwanza na misuli ya ndani ya mapaja yote mawili ilimuuma alipoguswa. Goti la kulia, kwa bahati, lilikuwa bado linashika.

Mwalimu alikuwa ametii kila neno nililomwambia. Alimfungia ndani. Kwake "ndani" ni sebuleni, chumba chenye nafasi kubwa na hewa nzuri, na alimwekea hata mkeka. Lakini sebule hiyo ina vigae, au tailizi kama tunavyoziita, vinavyopigwa deki kila asubuhi. Na mbwa hakanyagi kwa kubana sakafu kama anavyodhani mtu anayevaa viatu. Hushika kwa makucha na kwa ngozi ya nyayo, na juu ya kigae makucha hayana pa kuingia. Mbwa mwenye miguu minne mizima hujisawazisha bila wewe kuona. Mwenye miguu mitatu, akiwa na misuli iliyopungua kwa uzee, akiteleza hatua ya kwanza hutanua miguu, na akishaitanua hana nguvu ya kuikusanya tena. Mkeka nao, ukiwekwa juu ya kigae bila kitu cha kuushikilia, huondoka pamoja naye.

Hilo lilieleza namna alivyoanguka. Halikueleza kwa nini mbwa mwenye maumivu makali kiasi kile alisimama hata akaanguka. Mwalimu alidhani ni upweke. Mimi nilidhani ni haja ndogo. Siku iliyofuata, akiwa likizo ya siku moja aliyoiomba, tulifanya jaribio dogo: alichukua simu ya zamani ya mjukuu wake, akaiegemeza kwenye rafu ikirekodi, akamweka Bosi juu ya godoro palepale sebuleni, kisha akatoka na kwenda kukaa kwa jirani, karibu kiasi cha kusikia kishindo. Simu ilijaa baada ya saa mbili na nusu. Katika muda huo Bosi alijaribu kusimama mara kumi na moja. Mara moja ilikuwa kwa ajili ya maji, mara mbili hatukujua sababu, na mara nane zilizobaki zilifuatana na sauti ya geti, bodaboda iliyosimama njiani, au mtu aliyepita akiongea. Kila mara aligeuza masikio kwanza, kisha kichwa kuelekea dirisha la mbele, kisha akajiinua.

Alikuwa kazini. Kwa miaka kumi mbwa huyu amelinda geti lile, na sisi tulikuwa tumempumzisha mahali penye dirisha linalolitazama. Picha hiyo ya simu ilinifundisha zaidi kuliko mikono yangu siku ile ya uchunguzi, nami siku hizi humwomba kila mwenye mbwa anayeachwa peke yake arekodi walau saa moja kabla hatujapanga lolote.

Mapendekezo yalikuja mengi, na baadhi yalitoka kwa watu wenye nia njema kabisa. La kwanza lilikuwa mnyororo. Nililikataa kwa sababu mbwa anayekimbilia geti akafika mwisho wa mnyororo husimamishwa ghafla shingoni huku kiwiliwili kikiendelea kuzunguka, na mzunguko huo huishia kwenye goti. Juu ya hayo, mnyororo hujiviringisha mguuni, na hapa kwetu chini ya Meru kuna jambo jingine nitakalolieleza mbele. La pili lilikuwa banda lake la mbao la usiku, lakini limeinuliwa juu ya mawe ili lisilowe, na kulitoka ni kuruka. La tatu lilikuwa sindano ya kumlaza. Wengi wetu tunabeba asepromazini mkobani, na ni rahisi kumridhisha mteja kwayo. Lakini dawa hiyo hushusha shinikizo la damu na kuvuruga namna mwili unavyodhibiti joto, na humfanya mbwa alegee bila kumwondolea wasiwasi. Mbwa mzee aliyelegea, anayesikia geti na kutaka kusimama, pasipo mtu wa kumshika, atateleza zaidi ya yule aliye macho. La nne lilitoka kwa mtoto wa Mwalimu aliye Dar es Salaam, naye alisema kwa simu kwamba umri umefika na achomwe sindano ya mwisho. Sikumlaumu, ni swali halali, na mwenye kuliuliza si katili. Bosi, hata hivyo, alikuwa anakula, macho yake yalikuwa angavu, moyo wake ulikuwa mzuri, na maumivu yake yalitulia kwa dawa. Tulikubaliana kulirudia swali hilo baada ya wiki sita.

Tulihamia stoo. Ni chumba kidogo upande wa nyuma, hatua tatu kwa nne hivi, chenye sakafu ya saruji isiyosuguliwa na dirisha dogo la juu linaloelekea migomba. Geti halionekani, na sauti zake hufika hafifu. Mwalimu aliongeza redio, ikizungumza kwa sauti ya chini tangu alfajiri, ili isiwe ishara kwamba anaondoka. Nilisisitiza udogo wa chumba kwa sababu mbwa anayeweza kupiga hatua mbili tu hawezi kupata mwendo wa kujiumiza, ingawa lazima aweze kugeuka, kulala ubavu amejinyoosha, na kuhama kutoka pakavu kwenda pa kujisaidia. Vitu vya stoo vilivyoweza kuanguka vilitolewa, pamoja na sumu ya panya iliyokuwa nyuma ya debe la mahindi, ambayo Mwalimu mwenyewe alikuwa ameisahau.

Saruji ilimaliza utelezi lakini ikaleta tatizo jingine. Mbwa mzito asiyesimama mara kwa mara hupata vidonda vya kulalia kwenye viwiko, nyonga na vifundo, na saruji baridi ya masika huharakisha mambo. Tulilaza godoro kuukuu la sponji, tukalivika turubai ili mkojo usiingie ndani, na juu yake tukashona magunia mawili ya katani. Gunia ni la maana hapo, kwa kuwa turubai tupu huteleza kama kigae, na gunia la plastiki vilevile. Katani hushika ukucha. Kingo za godoro zilibanwa kwa matofali yaliyofungwa vitambaa. Nilimkata kucha, nikampunguza manyoya kati ya vidole, na kiwiko kilichochubuka nikakisafisha na kukiacha wazi bila bandeji, kwa sababu bandeji inayoloa mkojo bila mtu wa kuibadilisha ni mbaya kuliko kidonda. Inzi wa msimu huu hutaga kwenye kidonda kichafu, na funza hujitokeza ndani ya siku moja au mbili. Ukaguzi wa kiwiko ukawa kazi ya kila jioni, kwa tochi.

Maji nitayazungumzia kwa kirefu kidogo, maana watu huyachukulia kama huruma tu, kumbe katika kisa hiki yalikuwa sehemu ya usalama wa dawa. Meloksikamu na jamaa zake hupunguza kinga ambayo figo hujiwekea mwili unapokauka. Mbwa aliyekunywa dawa asubuhi, akapindua bakuli saa tatu, akakaa bila maji hadi saa nane na nusu, anaingia hatarini bila dalili yoyote ya nje. Mbwa wa kilo 28 huhitaji takriban lita moja na nusu kwa siku. Tulichukua beseni la plastiki tukalitumbukiza ndani ya tairi kuukuu la gari, likakaa imara kiasi kwamba Bosi aliweza hata kuegemeza kidevu bila kulipindua, na kwa kuwa kingo za tairi zimeinuka, alikunywa bila kuinama sana. Mwalimu aliweka alama ya kalamu ndani ya beseni ili jioni aone yalivyopungua. Dawa nayo tuliihamishia jioni, pamoja na chakula. Hufanya kazi siku nzima, kwa hiyo hapotezi kitu, na kama itamtapisha au kumharishia kinyesi cheusi kama lami, mtu yupo nyumbani wa kuona na kuisimamisha.

Chakula kilipunguzwa ugali kwa theluthi, dagaa wakabaki. Mwalimu alikuwa na desturi ya kumwachia mfupa wa kupitishia muda. Niliomba aache, kwa kuwa mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, na mbwa anayekabwa peke yake hana wa kumwokoa. Badala yake alitwaa kiganja cha chakula cha asubuhi, akakitawanya kwenye mikunjo ya gunia. Kukitafuta kwa pua kulimchukua Bosi muda mrefu akiwa amelala.

Tukabaki na kijana wa majani. Nilimwomba Mwalimu amwongezee kidogo ili saa nne amtoe Bosi haja. Mbinu ni khanga kuukuu inayopitishwa chini ya tumbo, mbele ya mapaja, ncha zake zikishikwa juu ya mgongo, ili mtu abebe uzito wa nyuma huku mbwa akitembea kwa mikono. Kabla ya kumruhusu nilikagua cheti cha Bosi cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kukuta imepitiliza kwa miezi minne, nikamchanja mbwa hapohapo, maana mbwa mpole mwenye maumivu huweza kumng'ata hata anayempenda. Nilimfundisha kijana pia kufunga mdomo wa mbwa kwa kitambaa kwa dakika chache za kumwinua, nikamwapisha kwamba kitambaa hicho hakibaki mdomoni hata nukta moja baada ya kufunga mlango, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema na mdomo uliofungwa unaweza kumuua. Huku kwetu masika ni baridi. Aliye Tanga au Mombasa chini ya paa la bati angepaswa kwanza kukaa mwenyewe chumbani humo saa nane mchana ndipo aamue.

Mlango wa stoo haukupigwa kufuli. Tuliuacha wazi na kuweka ubao wa kimo cha kifua cha mbwa, ulioshikwa na ndoano mbili kwa nje, ambao mtu yeyote angeweza kuunyanyua kwa mkono mmoja. Jirani alipewa ufunguo wa geti. Mwalimu aliona huo ni ulegevu, akahofia wezi, na nilimwelewa. Nilichokihofia mimi ni siafu. Mvua za huku huwatoa ardhini kwa misururu, na kila mfugaji wa kuku anajua kwamba siafu hawamshindi mnyama anayeweza kukimbia; humuua aliyefungiwa.

Walikuja wiki ya tatu. Majivu aliyokuwa akiyamwaga Mwalimu kuzunguka stoo yalikuwa yamesombwa na mvua ya usiku. Kijana alifika saa nne akasikia Bosi akilia, akakuta msururu umepanda ukuta na kuingia chini ya godoro, na siafu kadhaa wamemng'ang'ania masikioni na katikati ya vidole. Alinyanyua ubao, akapitisha khanga, akamtoa hadi kwenye zizi la ng'ombe, akawang'oa mmoja mmoja. Jirani alikuja na majivu ya moto. Nilipofika saa sita, mbwa alikuwa na uvimbe kwenye sikio moja na hasira nyingi, na goti lilikuwa vilevile. Tangu siku hiyo jirani alipita mara moja saa tatu asubuhi kila iliponyesha usiku, na Mwalimu hakuzungumzia tena kufuli.

Usiku Bosi alilala kwenye ukumbi karibu na mlango, juu ya gunia lake, akibweka kutoka ndani pale alipoona inafaa. Mwalimu alikiri kwamba sauti ile ilitosha, na kwamba mwizi hajui kama mbwa anayebweka ana magoti mangapi.

Wiki ya sita tulilirudia swali la mtoto wa Dar es Salaam, na halikuchukua dakika tano: mbwa alikuwa anakanyaga kwa mguu wa kushoto, bado akichechemea, uzito umeshuka hadi kilo 26, na kiwiko kimefunga. Goti lilikuwa limeanza kuwa gumu kwa makovu yanayojijenga kulizunguka, ambayo ndiyo hufanya kazi ya kano pale ambapo hakuna upasuaji. Dawa tuliipunguza, kisha tukaiacha iwe ya siku za baridi tu. Wiki ya kumi na mbili alikuwa kilo 25, akitembea na Mwalimu kwa kamba hadi kwenye njia kuu na kurudi. Paja la kushoto limebaki jembamba, na baridi yabisi ya goti hilo haitaondoka.

Nilimpendekezea Mwalimu amwache uani mchana, kwa kuwa hatari kubwa imepita. Alikataa, akisema amezoea. Stoo ingali na tairi lake na ubao wake, redio huwashwa alfajiri, na kijana bado hufika saa nne; tofauti ni kwamba sasa khanga imening'inizwa msumarini, na Bosi huvuka kizingiti kwa miguu yake, akaenda kwanza kunusa geti kabla ya kukojoa.